Kutoka trekta hadi distract: mwongozo wa kukuza msamiati wa Kiingereza kwa mizizi ya Kilatini

Inspekta, trekta, dikteta. Maneno matatu haya hukuhitaji kamusi kuyaelewa, na huenda hujawahi kuyafikiria kama somo. Lakini ndani ya kila moja umejificha mzizi wa Kilatini, na mzizi huohuo umezaa makumi ya maneno ya Kiingereza ambayo bado yanakutoa jasho ukikutana nayo kitabuni. Inspekta ana *spec*, kutazama. Trekta ina *tract*, kuvuta. Dikteta ana *dict*, kusema. Ukishayaona hayo, maneno kama *circumspect*, *retract* na *predict* huanza kujieleza yenyewe.

Mimi nilianza kwa njia mbaya. Nilikuwa nakariri maneno hamsini kwa wiki, neno upande huu, maana upande ule. Ijumaa nayajua yote. Jumatatu yamebaki kumi, tena yale mepesi. Kosa lilikuwa katika kulitia kila neno kichwani kama jiwe moja lisilo na ndugu, kana kwamba sijui kuwa maneno hujengwa. Na mtu anayezungumza Kiswahili hana kisingizio hapo. Kutokana na *andika* tuna mwandishi, maandishi, uandishi, andikia, andikwa, andikisha. Hakuna aliyekaa kutukaririsha hayo moja moja. Kazi ni kuuhamishia Kiingereza ujuzi ambao tayari tunao.

Kwanza ujue ni maneno gani yanahusika

Si Kiingereza chote kinafunguka kwa Kilatini. Maneno ya nyumbani, kama *water*, *eat*, *sleep*, *mother* na *house*, yana asili ya Kijerumani cha kale, yaani lugha ya zamani iliyozaa Kiingereza na Kijerumani cha leo. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakiongozwa na William, waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, kikawa lugha ya ikulu na mahakama. Baadaye wasomi nao wakawa wanachota Kilatini moja kwa moja. Hata Isaac Newton, alipochapisha kazi yake kuu juu ya mwendo na uvutano mwaka 1687, aliiandika kwa Kilatini. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi kubwa ya Kiingereza yametoka Kilatini, ama moja kwa moja ama kwa kupitia Kifaransa.

Tabaka hizo zinasikika. *Ask* ni la Kijerumani, *question* limepitia Kifaransa, *interrogate* ni Kilatini kitupu, na kadiri unavyosogea ndivyo neno linavyovaa suti. Kiswahili nacho kina uliza na saili: la kwanza la Kibantu, la pili la Kiarabu, na kila mtu anajua lipi ni la sebuleni na lipi ni la ofisini. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta mizizi ya Kilatini ndani ya *get*, *go* au *stand*. Tafuta katika maneno marefu ya magazeti, sheria, tiba na vitabu vya darasani. Huko ndiko yanakosumbua, na huko ndiko mizizi inakolipa.

Hatua ya 1: Andika mtaji ulio nao

Chukua daftari. Kabla ya kufungua orodha yoyote ya mizizi, andika maneno ya mkopo ambayo Kiswahili tayari kinayo. Utashangaa.

Ripoti: *re-* ni kurudi au tena, *port* ni kubeba. Aliyetumwa anarudi amebeba habari. Misheni: *miss*, kutuma. Projekta: *pro-* mbele, *ject* kutupa, na kweli chombo hicho hutupa picha mbele. Risiti ni ndugu wa *receive* na *reception*, yote ya kupokea. Daktari asili yake ni *docere*, kufundisha, kwa hiyo kwa Kilatini daktari alikuwa mwalimu kabla hajashika sindano. Humo mmetoka *document*, *doctrine* na *docile*, mtu anayefundishika kwa urahisi. Visa maana yake ni kilichokwisha kuonwa, yaani karatasi iliyopitiwa na macho ya mkaguzi. Na video, nadhani hili ndilo nilipendalo zaidi, ni sentensi nzima ya Kilatini: “ninaona”. Ndugu yake *audio* ni “ninasikia”.

Maneno kama haya kumi na tano yanatosha kuanzia. Kila moja ni kigingi ambacho tayari kimekita ardhini; maneno mapya utayafunga hapo.

Hatua ya 2: Chukua mzizi mmoja, ukae nao

Usichukue ishirini. Mzizi mmoja au miwili kwa wiki ni mwendo mzuri. Tuutazame *spec* wa inspekta, tuone kukaa na mzizi kunafananaje.

*Inspect* ni kutazama ndani: kukagua. *Prospect* ni kutazama mbele: matarajio. *Retrospect* ni kutazama nyuma. *Expect* ni kutazama nje, kama anayesimama mlangoni akimngoja mgeni: kutarajia. Hapo herufi s imemezwa na x, maana x yenyewe tayari ina sauti ya s. *Suspect* inaanza na *sub-*, chini; ni kumtazama mtu kwa kumwinulia macho kutoka chini, tazamo la wasiwasi, na kwetu pia anayeshuku hamtazami mtu usoni moja kwa moja. *Respect* ni kugeuka umtazame tena. Mtu usiyemjali unampita, unayemheshimu unageuka. *Despise* ni kumtazama mtu ukiwa juu yake, ndiyo dharau, ingawa mzizi umechakaa kidogo kwa kupitia Kifaransa. *Perspective* ni kutazama kwa kupenya. *Conspicuous* ni kile kinachojitokeza machoni. *Spectator* ni mtazamaji na *spectacles* ni miwani.

Hayo ni kumi na moja, kwa mzizi mmoja. Lakini angalia nilichofanya: sikuishia kwenye “spec = tazama”. Kwa kila neno nilijiuliza, anayetazama anatazama wapi, na kwa nini tazamo hilo likaja kuwa heshima, shaka au dharau? Hapo ndipo kumbukumbu inapokamata. Neno lenye kisa halipotei Jumatatu.

Sasa *tract* ya trekta, upesi zaidi. *Extract* ni kuvuta nje, kama jino. *Subtract* ni kuvuta kutoka chini, kupunguza katika hesabu. *Protract* ni kuvuta mbele, kurefusha jambo. *Distract* ni kuyavuta mawazo ya mtu yatawanyike. *Contract* ni kuvuta pamoja, na ndiyo maana lina maana mbili zinazoonekana kugombana: kusinyaa, na mkataba unaowavuta watu wawili wakutane. Kiswahili kimelikopa hilo la pili kikapata kandarasi na mkandarasi. Na *attract*? Kuvuta kuelekea kwako. Sisi tunasema *kuvutia*, tumelitoa kwenye *vuta* bila kumwomba Mrumi ruhusa.

Hatua ya 3: Jua viambishi vya mbele na hila zao

Viambishi awali ni vichache, na vinajirudia kila mahali, kwa hiyo hivi vikariri kabisa: *ad-* kuelekea, *con-* pamoja, *de-* chini au kuondoka, *dis-* kutawanya au kukanusha, *ex-* nje, *in-* ndani na pia kukanusha, *inter-* kati, *ob-* dhidi au mbele ya, *per-* kupenya, *pre-* kabla, *pro-* mbele, *re-* nyuma au tena, *sub-* chini, *trans-* ng'ambo.

Tatizo linalowakatisha watu tamaa ni kwamba viambishi hivi hubadilika sura. Unatafuta *in-* unakuta *impossible*, *illegal*, *irregular*. Unatafuta *ad-* unakuta *accept*, *attract*, *apply*. Mzungumzaji wa Kiswahili lakini asishtuke. Sisi tunasema habari *mbaya* na nyumba *ndefu*. Hakuna anayesema “nbaya” wala “nrefu”. Sauti ya n ikikutana na b hugeuka m, ikikutana na r huigeuza kuwa d. Ulimi unatafuta njia rahisi. Warumi walikuwa na ulimi uleule: *in-* mbele ya p ikawa *im-*, mbele ya l ikawa *il-*, na *con-* pamoja na *rupt*, vunja, ikawa *corrupt*.

Faida yake haiishii kwenye maana, inaokoa pia tahajia. Kwa nini *attract* ina t mbili? Moja ni ya kiambishi iliyogeuka, moja ni ya mzizi. *Support* ina p mbili kwa sababu hiyohiyo, *sub-* imekutana na *port*. Hata *accommodate*, neno ambalo Waingereza wenyewe hulikosea kila siku, lina viambishi viwili, *ad-* na *com-*, kisha *mod*. Ya kwanza imegeuka ikaleta c mbili, ya pili ikaleta m mbili. Tangu nilipolielewa hivyo sijalikosea tena.

Hatua ya 4: Mzizi mmoja una nyuso kadhaa

Hapa wengi huachia njiani, na nadhani ni kwa sababu vitabu vingi huandika “mit/miss” kisha vikapita bila kueleza. Tazama Kiswahili kwanza: fuata, mfuasi. Penda, mpenzi. Linda, mlinzi. Pika, mpishi. Sauti t imekuwa s, d imekuwa z, k imekuwa sh, na hakuna anayeshindwa kuona kwamba mfuasi ni yule anayefuata.

Kilatini kina mchezo unaofanana sana. *Permit* inatoa *permission*, t imekuwa s. *Decide* inatoa *decision*, *provide* inatoa *provision*, d imekuwa s. Kwa hiyo *mit* na *miss* ni kutuma tu, *vid* na *vis* ni kuona tu, *ced* na *cess* ni kwenda tu. Ukikutana na mzizi unaoishia t au d, angalia kama ana pacha mwenye s.

Kisha kuna irabu. *Fac*, fanya, inaonekana vizuri katika *fact* na *factory*. Lakini kiambishi kikikaa mbele, a hudhoofika na kuwa e au i: *perfect*, *defect*, *efficient*, *difficult*. *Cap*, shika, iko wazi katika *capture*, lakini katika *accept* ni *cep* na katika *participate* ni *cip*, na iliyopita Ufaransa ikatoka na sura ya *ceive*: *receive*, *deceive*, *perceive*. Andika nyuso zote za mzizi juu ya ukurasa mmoja, usizigawe.

Hatua ya 5: Mkia unakuambia neno linafanya kazi gani

Hili ni fupi. *-or* ni mtendaji, sawa na msomaji au mkaguzi. *Auditor* kwa asili ni “msikilizaji”, kwa kuwa zamani hesabu zilisomwa kwa sauti na yeye akasikiliza. *-tion* na *-sion* ni nomino ya tendo. *-fy* ni kufanya kitu kiwe hivyo, sawasawa na -sha yetu: *purify* ni safisha, *simplify* ni rahisisha. Na *-able* au *-ible* ni -ika: *portable* kinabebeka, *audible* inasikika, *credible* inaaminika. Weka *in-* ya kukanusha mbele upate *inaudible* na *incredible*. Mzizi *cred*, amini, ndio ulioko katika *credit*, anayekukopesha amekuamini.

Hatua ya 6: Kisia, halafu thibitisha

Ukikutana na neno geni, livunje, kisia maana kwa kuangalia sentensi nzima, ndipo ufungue kamusi. Usibadilishe mpangilio huo. Kukisia ndiko kunakofanya jibu likae. Anayekimbilia kamusi kwanza anasoma jibu la swali ambalo hajajiuliza.

Lakini kamusi lazima ifunguliwe, kwa sababu mizizi husaliti. Kamusi nzuri za Kiingereza huonyesha asili ya neno, na huko ndiko utakamatia watu wanaojifanya ndugu. *Ped* ya *pedestrian* ni mguu kwa Kilatini, ila ya *pediatrician* ni mtoto kwa Kigiriki. Daktari wa watoto hana shughuli maalumu na miguu. *Port* ya *passport* si kubeba, ni bandari, na humohumo bandarini ndimo ilimozaliwa *opportunity*, kutokana na upepo unaovuma kuelekea bandarini, fursa ya baharia. *Portrait* inaonekana kuwa na *port*, kumbe mzizi wake ni ule wa trekta, kuvuta mstari mbele ya macho. *Mistake* haina uhusiano na *miss* ya kutuma. Na *inflammable*, ya hatari kuliko zote, haimaanishi kisichoshika moto. *In-* hapo ni “ndani”, kitu kinachoingia motoni mara moja. *Flammable* na *inflammable* ni kitu kimoja, na kukisia vibaya hapo kunaweza kuunguza nyumba.

Wasomi wenyewe walishawahi kudanganyika. *Island* ni neno la Kijerumani cha kale ambalo halikuwa na s. Waliipachika wakidhani ni jamaa wa *insula* ya Kilatini. Tunaibeba s hiyo isiyotamkwa mpaka leo. Lakini b ya *debt*, nayo iliyopachikwa baadaye, angalau ina haki yake, kwani Kilatini ni *debitum*, na ukikumbuka *debit* hutaisahau.

Mtego wa mwisho ni maana kuhama. *Manufacture* ni “kufanya kwa mkono”, wakati leo ni kazi ya mashine. *Prevent* ni “kuja kabla”, aliyekutangulia amekuzuia. Na *nice* imetoka *nescius*, asiyejua, mjinga. Ukimwambia mtu huyu ni *nice*, humtukani, ila mzizi usingekuambia hivyo. Pale maana ya leo na ya mzizi zinapogombana, ya leo ndiyo inayoshinda. Mzizi unabaki kuwa kisa cha kukusaidia kukumbuka.

Hatua ya 7: Daftari, kalenda na sentensi zako

Ukurasa mmoja, mzizi mmoja. Juu andika nyuso zake na maana yake. Chini andika maneno unayoyajua tayari, kisha mapya yasiyozidi sita, na mbele ya kila jipya kisa chake kwa Kiswahili, kwa maneno yako, hata kama ni cha kuchekesha. Kwa *conspire* mimi nimeandika: *con-* pamoja, *spir* pumua, watu wameinamiana wakinong'onezana mpaka pumzi zimechanganyika, wanakula njama. Ukurasa huohuo una *expire*, kutoa pumzi ya mwisho, ndiyo maana hati iliyopitwa na muda nayo imekata roho.

Rudia ukurasa kesho yake, tena baada ya siku 3, tena baada ya wiki, tena baada ya wiki 2. Kurudia si kusoma tena. Funika maana, itafute kichwani, ndipo ufunue. Mara ya tatu tunga sentensi ya Kiingereza kwa kila neno, maana neno usilowahi kulitumia bado si lako. Mzizi unakupa maana, lakini haukuambii *expect* inafuatwa na neno gani. Hilo linatokana na kusoma na kusikiliza tu.

Baada ya mizizi ya maneno ya mkopo, nenda na hii: *scrib* na *script* andika, *duc* na *duct* ongoza, *ven* na *vent* kuja, *vert* na *vers* geuza, *pon* na *pos* weka, *rupt* vunja, *spir* pumua. Pamoja na ile iliyokwisha kutajwa inatosha miezi kadhaa. Ile ya Kigiriki, kama *tele*, *photo* na *log*, iache kwanza. Ina tabia zake.

Jaribio

Soma sentensi hii bila kamusi: *The circumspect inspector retracted his prediction.* Kitu kimoja tu sijakupa: *circum-* ni kuzunguka pande zote. Anayetazama pande zote kabla ya kupiga hatua ni mtu mwangalifu. *Re-* na *tract*, amevuta nyuma. *Pre-* na *dict*, alichokisema kabla hakijatokea. Inspekta mwangalifu ameifuta kauli yake ya utabiri. Trekta, inspekta na dikteta wote wamo.

Sasa hili ni lako: *introspective*. *Intro-* ni kuelekea ndani. Mengine unayo.